"Sayari za nje" ni zipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lamu. Mwanafunzi wangu ameandika kwamba mwaka 1995 wanasayansi waligundua "sayari ya nje" inayozunguka nyota inayofanana na Jua. Kitabu chetu kinasema sayari za nje ni zile nne kuanzia Mshtarii hadi Neptuni, na hizo zilijulikana kitambo. Nimkate alama?

Jibu: Mwalimu, habari aliyoandika ni ya kweli. Sayari hiyo ni 51 Pegasi b. Waliogundua ni Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi, na mwaka 2019 walitunukiwa Nobel ya fizikia. Kilichomwangusha ni lugha, wala hakuanza yeye.

"Ya nje" na "nje ya" ni mambo mawili. Daka la nyumba ya Lamu ni la nje, lakini ni sehemu ya nyumba ile ile. Nyumba iliyoko Shela iko nje ya mji wa Lamu, haina uhusiano na daka lako. Neptuni ni sayari ya nje kwa maana ya daka: iko pembezoni, ila ni ya humu humu. 51 Pegasi b iko nje ya mfumo wa Jua kabisa. Tena huko kwao iko ndani mno: huizunguka nyota yake kwa siku 4 na kitu, ilhali Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua.

Tazama pia nyota TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka 40 hivi ya nuru. Ina sayari 7, na zote ziko karibu na nyota yao kuliko Zebaki ilivyo karibu na Jua. Ile ya saba ndiyo ya nje kabisa. Tukiwa tumeshaziita zote "sayari za nje", hiyo tutaitofautishaje?

Mimi husema "sayari za nyota nyingine". Anayesikia anaelewa papo hapo. "Sayari zilizo nje ya mfumo wa Jua" ni sahihi pia, ingawa ni refu. "Sayari-nje" kwa kistari siipingi kwenye maandishi, lakini ikisomwa kwa sauti darasa huirudishia "ya", tukarudi pale pale. "Sayari za mbali" naikataa: Neptuni nayo iko mbali.

Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoyaalika mataifa kutoa majina, Kenya ilipata nyota Kalausi na sayari yake Buru, maneno ya Kidholuo. Tanzania ikapata nyota Mpingo na sayari yake Tanzanite. "Buru ni sayari ya Kalausi." Sentensi imetimia, na "nje" haimo.

Usimkate alama ya sayansi. Mwandikie pembeni "nje ya mfumo wa Jua", kisha aiandike upya sentensi hiyo moja.