Mtoto wa mama Mganda na baba Mkongo ni raia

Pole sana, dada. Karani aliyekukatalia kumwandikisha mwanao eti mtoto hufuata baba, na baba ni Mkongo, amekupotosha. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinatosheka na mzazi mmoja aliye raia wa kuzaliwa, awe mama au baba, hata kama mtoto kazaliwa Bunia, huko Kongo.

Rudi NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu, na kitambulisho chako, karatasi ya kuzaliwa ya hospitali na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kote, herufi kwa herufi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Tafadhali usimwandikishe kaka yako kuwa baba wa mtoto ili tu mambo yapite. Taarifa ya uongo ni kosa, na itamfuata mtoto hadi kwenye pasipoti.

Wakikataa tena, dai sababu kwa maandishi, uwapelekee mawakili wa FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake.