Nguva si samaki "aina ya" chochote

SWALI: Nimesoma gazetini kwamba "wavuvi wamenasa samaki aina ya nguva". Mwalimu wetu anasema ni kosa. Kosa liko wapi? (Msomaji, Kilwa)

JIBU: Makosa ni mawili, na moja linanikera tangu zamani: hili "aina ya". Silaha aina ya panga. Ndege aina ya kunguru. Samaki aina ya papa! Papa akiitwa papa tu, nani atamdhania mbuzi? Mvuvi akirudi pwani hasemi amepata "samaki aina ya changu". Anasema changu, na mnunuzi anauliza bei. "Gari aina ya Toyota" nimechoka kulipinga, liendelee. Kwa wanyama sikubali, kwa sababu ukisema "samaki aina ya nguva" umeshamwingiza nguva katika ukoo usio wake.

Kosa la pili ni kumwita nguva samaki, ilhali ni mnyama anayenyonyesha. Neno samaki tulilipata kwa Waarabu, na wazee wetu walilitumia kwa walichokiona: kiumbe cha majini chenye mkia. Siwalaumu. Lakini umbo la nje hufinyangwa na maji, ukoo uko ndani. Mpasue nguva pezi: utakuta mfupa mmoja wa juu, miwili ya chini yake, kiwiko, kifundo na vidole vitano. Ni mkono, mifupa ileile iliyo katika mguu wa mbele wa tembo. Papa hana hata kimoja cha hivyo. Mkia wa papa hupiga kushoto na kulia. Wa nguva hupiga juu na chini, kama mgongo wa mnyama anayekimbia unavyojikunja na kujinyoosha. Nyonga yake imebaki vijifupa tu ndani ya nyama, bila miguu. Mwaka 2001 mtaalamu Daryl Domning alieleza visukuku kutoka Jamaica vya jamaa wa kale wa nguva, na huyo alikuwa na miguu minne kamili.

Ndugu zake wa karibu walio hai nchi kavu ni tembo na pimbi. Nguva jike ana chuchu mbili kifuani, karibu na makwapa; tembo jike naye anazo kifuani, kati ya miguu ya mbele. Pembe za tembo ni meno ya mbele yaliyorefuka, na nguva dume naye meno yake ya mbele huchomoza.

Basi mhariri aandike: "Wavuvi wamenasa nguva." Akihofia kwamba msomaji wa bara hamjui, aongeze "mnyama wa baharini anayenyonyesha".