Msomaji wa Mikindani na safari ya Córdoba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nafanya biashara ya korosho hapa Mikindani. Mdogo wangu anasoma Madrid, ameniita nikamtembelee mwezi wa saba. Yeye anataka tuende Barcelona, ila moyo wangu uko kwenye miji waliyoijenga Waislamu zamani. Nikipata nafasi ya mji mmoja tu, niende upi? Na nitakula nini, maana nguruwe na pombe situmii?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda Córdoba, kusini mwa Uhispania, lakini mwezi wa saba achana nao. Joto la pale kiangazi hupita nyuzi 40. Nenda mwezi wa tano, msimu wa korosho ukiwa bado mbali. Nusu ya kwanza ya mwezi huo wenyeji hufungua nyua za nyumba zao za kale, kuta nyeupe zikiwa zimejaa vyungu vya maua, na watu huingia kutazama. Vyumba vya wageni hujaa, kwa hiyo mdogo wako awahi kushika nafasi. Treni ya kasi kutoka Madrid huchukua chini ya saa mbili. Viza uombe mapema. Ubalozi wa Uhispania uko Dar es Salaam.

Ninakutuma huko kwa ajili ya msikiti. Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala Muislamu wa Córdoba, aliuanza mwaka 785 hivi, na waliomfuata wakauongeza hadi nguzo zikapita 800. Nguzo za mwanzo zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na zilikuwa fupi. Dari lingekaa chini mno. Mafundi wakapandisha tao juu ya tao: tofali jekundu, jiwe jeupe, tofali, jiwe. Simama katikati uinue macho, simu iache mkobani kwanza. Kisha sogea kwenye mihrabu, iliyonakshiwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu enzi za mtawala al-Hakam wa Pili, karne ya 10.

Jiandae moyo pia. Mji ulitekwa na Wakristo mwaka 1236, msikiti ukafanywa kanisa, na kuanzia 1523 likajengwa kanisa kubwa katikati ya nguzo zile zile. Hadi leo ni kanisa, na Muislamu haruhusiwi kuswali humo. Mimi jambo hilo linaniuma sana, na bado nasema nenda.

Ila kabla ya ndege, nakusihi, ukiwa njiani kwenda Dar shuka Nangurukuru, ufike Kilwa Masoko, uvuke kwa boti hadi Kisiwani. Uone Msikiti Mkuu, nguzo zake na kuba zake za mawe ya matumbawe. Ibn Battuta, yule msafiri Muislamu, alifika Kilwa mwaka 1331, na miaka kama ishirini baadaye akafika Granada, huko huko kusini mwa Uhispania. Wengi wetu wa kusini tunapita pale Nangurukuru kila mwaka bila kukata kona.

Chakula kipo. Agiza salmorejo, rojo baridi la nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Juu huwekwa yai na nyama ya nguruwe, basi sema mapema: “sin jamón”, yaani bila nyama hiyo. Kuna mazamorra, ya lozi zilizosagwa, na biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya muwa. Flamenquín ni nguruwe, na mkia wa ng'ombe hupikwa kwa divai, viache. Wenyeji hula saa nane mchana na saa tatu usiku. Ukienda saa kumi na mbili jioni, majiko mengi utayakuta yamefungwa.