Kwa nini niliivunja ile picha ya dalia

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Ujumbe wako nimeupata: "Baba, mama anasema ulimaliza kuunganisha ile picha ya maua ya Kijapani ya vipande elfu moja niliyokutumia, kesho yake ukaivuruga yote ukairudisha kwenye boksi. Kwani haikukupendeza?" Nilijua mashtaka yangefika huko kabla yangu.

Ilinipendeza mno, mwanangu. Ila nikusahihishe kidogo: umeandika "maua ya Kijapani". Mchoraji ndiye Mjapani, Tanigami Kōnan, na michoro yake ilichapwa Kyoto mwaka 1917, lakini kitabu kilichotoka humo ni cha maua ya Magharibi. Dalia asili yake ni Mexico. Yule bwana alikuwa anachora wageni.

Mara ya kwanza niliipanga kama wanavyopanga watu wote. Kingo kwanza, halafu maua, halafu majani. Siku kumi na tisa meza ya kulia ikawa yangu, mama yako akila jikoni kwa hasira. Ilipokamilika nikasimama kuitazama, nikajiona kama hamali aliyebeba mlango wa nakshi mgongoni asijue patasi ilipita wapi. Ndipo nikaanza kusoma.

Kumbe ni kazi ya mbao! Mchoraji anamaliza yake kwenye karatasi nyembamba. Fundi wa kuchonga anaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha anachonga akiacha mistari tu imeinuka. Kila rangi ina ubao wake. Mchapaji anapaka rangi ya maji kwa brashi, analaza karatasi yenye unyevu, anaisugua mgongoni kwa kisahani kilichovishwa ganda la mwanzi. Anaondoa, anahamia ubao wa pili, wa tatu, mpaka rangi zote ziishe. Sasa jiulize: karatasi inaruka kutoka ubao hadi ubao, rangi inaangukaje palepale pa jana? Wanachonga alama mbili ndogo pembezoni mwa kila ubao, moja ya kona na moja ya ubavu, karatasi inaegemea hapo. Wanaziita kentō. Nilicheka peke yangu. Miaka arobaini nimepigia vijana kelele karakanani kuhusu alama! Unaikumbuka ile kanga ya bibi yako iliyokuwa na maua mekundu yaliyotoka nje ya mistari yake? Hiyo ndiyo kazi iliyokosa kentō.

Basi nikaivunja ili niipange upya kwa njia ya mchapaji. Nikachukua sahani zote kabatini (hilo nalo bila shaka umeambiwa) nikatenga vipande kwa rangi. Mistari kwanza. Kijani. Wekundu hafifu. Wekundu ulioiva, mwisho. Mara ya kwanza petali za dalia zilinitoa jasho kwa sababu niliona wekundu mmoja tu. Safari hii niliona kwamba rangi imekolea upande mmoja na kufifia upande wa pili, kwa kuwa mchapaji huipangusa akiwa bado hajalaza karatasi. Ukishalijua hilo, kipande chenyewe kinakwambia juu ni wapi na chini ni wapi.

Sikufichi, nilichukua na lenzi yangu. Nikaona vidoti vya mashine. Picha uliyonitumia ni nakala iliyopigwa kiwandani juu ya kadibodi, haijawahi kuuona ubao wowote. Nilinyong'onyea kama dakika tano hivi.

Kilichobaki ni karatasi tupu, pale ambapo hakuna aliyepaka kitu: vipande mia tatu na kitu, vyote rangi ya maziwa. Hapo jicho halina kazi. Nilivigeuza, nikavipapasa kama ninavyopapasa ulimi wa fremu kabla ya kuutia tunduni, na kuna usiku nilivipanga umeme umekatika. Mchezo huu wenyewe wa kuunganisha vipande Waingereza wanauita kwa jina la msumeno, jigsaw. Miaka ya 1760 huko London, mchonga ramani John Spilsbury alibandika ramani kwenye mbao akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wajifunze jiografia. Vya kwake havikuwa na ulimi wa kushikana. Ukipiga chafya Ufaransa inahama.

Kwa hiyo usinitumie nyingine kwa sasa. Hii bado sijaimaliza: nataka kuipanga mara ya tatu nikianza na ile karatasi tupu, nione kama maua yatajitokeza yenyewe katikati.

Na fremu uliyoulizia niliitengeneza, ya mninga, pembe zote nimeziunga bila msumari hata mmoja. Mama yako alisubiri wiki mbili, kisha akatia humo picha ya harusi yako.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako