Taa za Ndege ya Kujiundia: Maswali Yenu

Safari hii nimechagua maswali ya wanaojiundia ndege ndogo Nairobi na viunga vyake, yale yanayohusu taa na nyaya zake. Hitilafu ya waya uliojificha ndani ya bawa huwezi kuifikia ukiwa angani, kwa hiyo kila kitu hapa kinafaa kutengenezwa sawasawa ndege ikiwa bado karakana.

Je, nitumie waya wa gari? Kirinyaga Road unauzwa bei nafuu, na umeme ni ule ule. (Msomaji, Rongai)

Umeme utapita, hilo ni kweli. Shida iko kwenye ganda. Waya wa kawaida wa gari umevishwa PVC, na PVC ikiungua hutoa moshi mzito wenye sumu. Ukiwa barabarani utaegesha kando na kushuka. Ndani ya ndege ya watu wawili, moshi huo utakujaa usoni kabla hujaona pa kutua. Tafuta waya wa ndege wenye alama M22759/16, ambao mafundi wengi huuita Tefzel. Ganda lake ni jembamba, linastahimili nyuzi joto 150 za Selsiasi, na shaba yake imepakwa bati isishike kutu. Waya wa nyumba ulio na shaba moja nzima usiuguse kabisa, maana mtetemo wa injini utaukata.

Sasa unene. Kumbuka namba ya geji ikipanda waya unakuwa mwembamba. Taa za LED za ncha za mabawa zitatosheka na geji 20 au 22. Balbu ya zamani ya taa ya kutua ya wati 100 hula takriban ampea 7, na hapo mambo hubadilika: mita 5 za geji 20 zitapoteza zaidi ya volti 1 njiani, ilhali mfumo wa volti 14 haufai kupoteza zaidi ya nusu volti. Mita hizo hizo za geji 14 hupoteza kama volti 0.3 tu.

Na fyuzi, tafadhali, iwekeni mwanzo wa njia, karibu na umeme unakotoka. Kazi yake ni kulinda waya, taa itajijua. Ukiiweka kule bawani karibu na taa, waya wote wa kutoka dashibodi unabaki bila ulinzi. Siku ukingo wa bati utakapolimega ganda na shaba kugusa bodi, betri yote itamiminika hapo. Kila tundu ambamo waya unapita livalishwe raba, hata kama bati unaliona laini kwa kidole.

Fundi anasisitiza kulehemu vichwa vya nyaya, mimi nataka kuvibana kwa koleo. Nani yuko sawa? (Msomaji, Syokimau)

Wewe, mradi koleo lako ni lile lisiloachia mpaka limebana hadi mwisho. Risasi ikiyeyuka hunyonywa na nyuzi za shaba hadi ndani ya ganda, na waya unakuwa kijiti. Pale ugumu unapoishia ndipo utakapokatika. Ukishabana, chungulia mdomo wa kichwa: ncha za shaba zichomoze kidogo tu na pasiwe na uzi hata mmoja uliobaki nje. Kisha shika na uvute kwa nguvu. Kikichomoka, kata uanze upya, na ushukuru kimechomokea mkononi.

Rangi zinakaa upande gani? (Msomaji, Kikuyu)

Nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, ukiwa umeketi kwenye kiti cha rubani. Nyeupe mkiani. Nyekundu na kijani kila moja ionekane kuanzia mbele moja kwa moja hadi nyuzi 110 upande wake, na nyeupe ijaze nyuzi 140 zilizobaki nyuma. Usitie LED nyeupe nyuma ya kioo cha zamani cha rangi. Vioo hivyo vilitengenezewa mwanga wa manjano wa balbu ya uzi: kijani kitaegemea buluu na nyekundu itafifia. Nunua LED yenye rangi yake yenyewe.

Injini yangu ni Rotax 912 na bodi ni ya nyuzi za kioo. Itabeba balbu ya wati 100? (Msomaji, Athi River)

Jenereta ya ndani ya injini hiyo hutoa wati 250 hivi, tena ikizunguka kwa kasi ya 5800 kwa dakika. Ukipunguza moto ili utue, ambapo ndipo taa unapoihitaji, inatoa pungufu ya hapo. Balbu hiyo peke yake ingekula asilimia 40 ya uwezo wote wa jenereta, na bado kuna redio, transponda (kifaa kinachoijibu rada) na pampu ya mafuta. Weka LED. Halafu bodi yako haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wa kurudi hadi kwenye athi ya pamoja, yaani pale nyaya zote za kurudi zinapokutana. Unapopiga hesabu ya volti zinazopotea, hesabu kwenda na kurudi.

Nikiwasha LED, redio inajaa mvumo na sauti ya mnara wa Uwanja wa Ndege wa Wilson inapotea. Nifanyeje? (Msomaji, Lang'ata)

Swali zuri, na wengi huishia kununua redio mpya bure. Ndani ya taa ya LED mna saketi ndogo inayokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Isipochujwa vizuri, kelele yake huangukia masafa yetu ya megahezi 118 hadi 137.

Zima injini, washa redio kwa betri, fungua skwelchi, ile swichi inayonyamazisha mvumo wa redio, mpaka usikie mvumo wake wa kawaida. Washa taa moja moja, ukisikiliza. Ukimpata mkosaji, chomoa waya wa antena kwenye redio, lakini usiguse kitufe cha kuongea ukiwa umeichomoa, utaiunguza redio. Kelele ikitoweka, ilikuwa ikiingia kwa antena: isogeze antena mbali na taa, au badilisha taa. Ikibaki, inapitia nyaya za umeme: tia kichujio kwenye waya wa taa, na utenganishe waya huo na wa redio. Kwa vyovyote, suka waya wa kwenda na wa kurudi pamoja. Kusuka huko kunasaidia dira pia. Washa taa huku ukiitazama. Ikicheza, kuna waya unaopita karibu nayo.

LED za bei rahisi za pikipiki ndizo ninazozishuku kwanza.

Nimenunua strobu (taa ya kumweka) ya zamani ya gesi. Kuna hatari? (Msomaji, Ruiru)

Ndiyo, kubwa. Kisanduku chake huhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuzimwa. Chomoa umeme, ngoja angalau dakika 5 kabla ya kukigusa, na usikifungue.

Taa zote zimekamilika. Naruhusiwa sasa kuruka usiku? (Msomaji, Karen)

Taa hazikupi ruhusa hiyo. Soma masharti ya kibali chako kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kikisema mchana tu, ni mchana tu. Jua la Nairobi huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na dakika 20 hivi baadaye giza limeshatanda. Kama kibali ni cha mchana, pesa za taa ghali ya kutua zitumie kwa strobu nzuri ya LED, inayomweka mara 40 hadi 100 kwa dakika, ili wanaokuja Wilson nyuma yako wakuone hata saa nane mchana kukiwa na ukungu wa vumbi.