Mtungi kwanza, bunduki baadaye

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: anayeanza kucheza peintiboli, mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi, anunue bunduki gani? Najua wengi watawatajia majina ya bunduki. Mimi naandika kutoka Isevya, Tabora, na kwetu huku kuna swali linalotangulia hilo: gesi utajazia wapi?

Bunduki ya rangi haina baruti. Kinachosukuma risasi ni hewa iliyoshindiliwa, au kaboni dayoksaidi. Vijana wengi hudhani kompresa ya fundi pancha itatosha. Haitoshi hata kidogo. Ile hufika bar 8 au 10 hivi, wakati mtungi wa hewa wa peintiboli hujazwa hadi bar 200 na ushei, na mingine hadi 300. Kompresa za nguvu hiyo ni za wapiga mbizi. Ndiyo maana naona wenzetu wa Kigoma wana nafuu: kule wapo wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo Ziwa Tanganyika. Ukielewana nao na ukawa na kiungio kinachofaa mtungi wako, nunua bunduki ya hewa bila kusita.

Kaboni dayoksaidi ina tatizo lake, na Tabora linaonekana wazi. Mtungini hukaa kama kimiminika, lakini ikipita nyuzijoto 31 haiwezi kubaki kimiminika tena, na shinikizo hupanda kwa kasi. Mwezi wa kumi hapa, saa nane mchana, nyuzi 31 ni kawaida. Risasi zitatoka kwa mwendo mkubwa kuliko ulivyopima asubuhi, na viwanja vingi haviruhusu zaidi ya futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91. Mtungi ukae kivulini chini ya mwembe, kamwe usiuache kwenye boda juani.

Kama huna pa kujazia chochote, zipo bunduki za springi zinazotumia risasi ndogo za inchi 0.50 badala ya zile za 0.68. Hazifiki mbali. Kwa kujifunza kujificha na kulenga zinatosha kabisa.

Ukishajua gesi yako, chagua bunduki isiyo na betri. Tippmann 98 ni mfano mzuri: mwili wa alumini, unafunguka kwa spana ndogo za pembe sita, na fundi makini anaelewa ndani kuna nini. Usikimbilie inayomwaga risasi nyingi. Mchezo wa kwanza ulichezwa Juni 27, 1981, New Hampshire, Marekani, kwa bunduki za Nelspot zilizotengenezwa ili mabwana miti waweke alama kwenye miti. Walikuwa watu 12. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, na alikusanya bendera zote alizotakiwa kukusanya bila kufyatua hata risasi moja. Sisi tuliozungukwa na miombo hilo lituingie akilini.

Fedha itakayobaki iende kwenye barakoa, au tuseme itengwe kabla ya bunduki yenyewe. Iwe ya peintiboli, yenye alama ya ASTM F1776, yaani kiwango cha usalama cha kinga ya macho ya peintiboli. Miwani ya jua au ya kuchomelea haizuii risasi hizi, na jicho likipigwa linaweza kupotea.

Risasi nazo zikague mkononi. Ganda lake ni jelatini, hunywa unyevu. Iviringishe moja mezani: ikiyumba, imeshavimba au imebonyea, na itapasukia ndani ya mtutu. Kando ya ziwa wakati wa masika zifunge vizuri kwenye mfuko usiopitisha hewa. Huku kwetu kiangazi shida ni kinyume, hukauka na kupasuka zikiguswa.

Kabla ya kuagiza nenda kituo cha polisi ukaulize, kwa sababu kitu hiki kwa mbali ni bunduki tu, na forodhani pia kitaonekana hivyo. Muuzaji naye mwulize kama anauza oringi (mipira midogo ya duara inayozuia gesi kuvuja) za akiba za modeli hiyo. Akisema hana, tafuta muuzaji mwingine.

Msomaji, Isevya, Tabora