Maswali ya wasomaji: Wenzangu wamepaua, mimi bado niko kwenye msingi

SWALI: Mimi ni mwalimu, nina miaka 36, ninapanga Katuba hapa Lubumbashi. Wawili niliomaliza nao sekondari wanafanya kazi kwenye kampuni za madini upande wa Kolwezi, na wote wawili wameshahamia kwenye nyumba zao wenyewe. Mimi nina parsele, yaani kiwanja, Ruashi yenye msingi wa mita 6 kwa 5, basi. Mwezi ukienda vizuri hubaki na dolari 70. Simenti nanunua dolari 14 mfuko. Mtu wa banki lambert, wale wakopeshaji wa mtaani, yuko tayari kunipa dolari 1,500 kwa faida ya asilimia 30 kila mwezi, ili nami nipaue kabla ya mvua. Nichukue?

JIBU: Usichukue, ndugu. Faida ya mwezi mmoja tu ni dolari 450. Kwa bei yako hiyo ni mifuko 32 ya simenti, na bloku zote za nyumba yako zinataka mifuko 30 hivi.

Hesabu yenyewe: kuta za nje ni mita 22, ukuta mmoja wa kati mita 5, kimo mita 2.8. Ukitoa milango na madirisha inabaki kama mita 68 za mraba. Bloku za sentimita 40 kwa 20 huingia 12 na nusu kwenye mita moja ya mraba, yaani 850. Ongeza 50 za kuvunjika. Mfuko wa kilo 50 hutoa bloku 30 hivi zenye unene wa sentimita 15. Mfyatuaji akijisifu kwamba anatoa 50, mwache, maana hizo humomonyoka kona kabla fundi hajazigusa.

Kwa hiyo dolari 70 zako ni mifuko mitatu (42), na 28 za mchanga na mfyatuaji. Hiyo ni bloku 90 kwa mwezi. Baada ya miezi kumi mizuri kama huo zote 900 ziko chini, na hakuna anayekudai.

Weka akiba ya bloku, usiweke ya mifuko. Simenti hunyonya unyevu hata ikiwa ndani ya mfuko, na ikikaa miezi mitatu nguvu yake imeshapungua. Bloku iliyofyatuliwa vizuri haiharibiki. Ifunike siku ya kwanza isipigwe na mvua wala jua kali, halafu imwagilie maji siku 7. Kama parsele haina mlinzi, fyatulia mahali penye mtu, kwa sababu bloku hazina alama ya mwenyewe.

Sasa hiyo aibu ya kuona wenzako wamekutangulia. Mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu hujipima kwa wenzake hasa pale anapokosa kipimo kingine kilicho wazi. Wewe hujawahi kuandika nyumba yako inataka bloku ngapi, ndiyo maana ulichobaki nacho ni paa la mwenzako. Chukua daftari, kila mwisho wa mwezi andika bloku zilizopo na zinazobaki. Ukipita Ruashi na namba 540 kichwani, yaani bloku za miezi sita, msingi ule utauona kwa jicho jingine.

Kujenga polepole kuna hatari moja kubwa, nayo ni kusimama mahali pabaya. Salama ni tatu: msingi uliojazwa udongo na kushindiliwa, ukuta uliofikia mkanda wa zege wa juu, ule mafundi wanaouita shenaji, ukafunikwa, na paa lililokamilika. Pabaya ni ukuta ulioishia usawa wa dirisha, au mbao za paa zisizo na mabati: mbao hupinda, mchwa wakapanda, na mvua za Novemba mpaka Aprili hulegeza maungio. Basi usianze kupandisha ukuta kabla bloku hazijatimia na pesa za mabati hazijaonekana. Anza Mei, mvua ikishakwisha. Nondo zinazobaki nje zipake uji wa simenti zisile kutu.

La mwisho, ambalo huwezi kuliona ukiwa barabarani: karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, haki juu ya parsele inasimama kwa certificat d'enregistrement, yaani hati ya usajili. Kama ulicho nacho ni kontra (mkataba) tu, soma muda na sharti la kujenga lililoandikwa humo. Kalenda hiyo ndiyo ya kukukimbiza, ya Kolwezi siyo.

SWALI: Nauza unga soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Likelemba yetu, mchezo wa kuchanga pesa na kuzila kwa zamu, ni wamama kumi, dolari 50 kila mwezi. Mimi ni wa tisa. Wenzangu wameshakula, wamenunua firigo, mimi natoa tu. Niingie nyingine ya dolari 100?

JIBU: Mama, aliyekula wa kwanza alipata 500, na 450 kati yake ni mkopo bila faida ambao sasa analipa. Wewe unaweka akiba. Firigo unayoiona bado ina deni.

Kiasi cha kutoa kipime kwa mwezi wako mbaya kuliko yote, usikipime kwa ule wa sikukuu. Ikiwa mwezi huo hubakisha 60, ya 100 itakula mtaji wa unga. Mahali pazuri pa kubishana ni zamu: mzunguko mpya ukianza, omba mwezi wa Agosti kama una watoto wa shule. Zamu za mwisho zina hasara yake, kwani aliyekwisha kula anaweza kuacha kutoa. Dai kila malipo yaandikwe na kusainiwa mbele ya wote, na wageni wasile kwanza.

SWALI: Nikifungua WhatsApp asubuhi, statu za rafiki zangu zinaniharibia siku. Nikiwafuta watajua.

JIBU: Usiwafute. Kwenye orodha ya statu bonyeza jina kwa muda, kisha chagua kumnyamazisha. Hapewi taarifa, na ujumbe wake unaendelea kukufikia. Ukimtaka tena, jina liko kwenye sehemu ya walionyamazishwa, unalirudisha kwa njia ileile.